Kesi ya Mbwa wa Yasenitsa

Mwaka ule wa 1925, tumbaku ikiwa bado inaning'inia barazani na theluji imeshakikalia kilele cha mlima Belasitsa, wanaume wa Yasenitsa, kijiji cha Bulgaria kilicho karibu na mpaka wa Ugiriki, walirudi kwenye benchi lao. Walikuwa wamelikosa siku kumi nzima. Jeshi la Kigiriki lilivuka mpaka na mizinga, kijiji kikakimbilia msituni juu mlimani na mabunda kichwani, na walipoteremka walikuta ukuta wa duka la kahawa la Mitra mjane umetobolewa tundu la kupita mbuzi. Benchi lilikuwa palepale nje, limejaa vumbi tu. Wakalipangusa, wakakaa, Mitra akaanza kuwachemshia kahawa aliyoichanganya na dengu za kukaanga ili isiishe haraka, na tangu siku hiyo hawakuwa na hoja nyingine ila mbwa.

Maana habari zilishaenea mpaka Sofia, mji mkuu, kwamba vita vile vilianzishwa na mbwa. Ilisemekana mbwa alivuka mpaka, askari wa Kigiriki akamkimbilia, mlinzi wa upande wetu akafyatua bunduki, askari akafa, na yaliyofuata kila mtu aliyaona. Sasa Shirikisho la Mataifa, lile la Geneva lililopeleka telegramu kwamba risasi zikome na majeshi yarudi kwao ndani ya saa sitini, na kweli yakarudi, lilikuwa limetuma mabwana watano waje waulize kilichotokea. Mwenyekiti wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba akatangaza kwamba mabwana wangefika Alhamisi, watu waseme kweli, na ikiwezekana waoge.

Alhamisi ilipofika, wa kwanza benchini alikuwa Lazo. Huyu alikuwa mgane mkulima wa tumbaku, mtu wa maneno machache hata wenzake wakambatiza Kimya. Nyumbani hakuwa na mtu, alikuwa na mbwa mmoja mweusi, Murdzho. Na siku ile ya risasi ya kwanza, Murdzho alikuwa amekata kamba alfajiri, akarudi jioni sikio limechanika na kinywani ameng'ata kofia ya rangi ya majivu yenye vifungo vya shaba, kama ya askari. Lazo aliificha ile kofia chini ya majani ya tumbaku. Huko msituni, usiku wa baridi, alipomsikia jirani yake bibi Velika akikohoa chini ya mti, alijigeuza upande wa pili akajiambia: haya yote ni mimi na kamba yangu mbovu.

Basi siku hiyo alikaa mwisho wa benchi, kofia ameifutika ndani ya koti, akiwaza kama aseme au asiseme.

Gatyo fundi viatu, waliyemwita Gazeti, ndiye aliyefungua kikao. Alikuwa na nusu ya gazeti. Nusu ya pili ilikuwa imekuja ikiwa imefungia misumari ya viatu, ikachanika, kwa hiyo mwisho wa kila habari aliutoa kichwani mwake.

— Imeandikwa hapa mbwa alikuwa wa Kigiriki, — akasema. — Mweupe, mkia mfupi.

— Mkia umeandikwa? — akauliza Spas.

— Mkia uko nusu ya pili.

Spas alikuwa ameongoza nyumbu wa jeshi katika vita vitatu bila kupiga risasi hata moja, ndiyo maana wakamwita Jenerali. Yeye alishikilia kwamba mbwa hakupotea njia, mbwa alitumwa. Alikuwa mpelelezi aliyesomea kazi yake. Akibweka mara moja, pana kikosi. Mara mbili, pana mizinga. Akilala chali, jeshi zima limelala, piteni.

— Na akijikuna? — Gazeti akauliza.

— Hapo anafuta aliyoyasema mwanzo. Ndugu yangu, wahenga hawakukosea: mbwa hafi maji akiona ufuko.

Hakuna aliyejua methali ile imeingiaje, lakini ilikuwa na mbwa ndani yake, ikapita.

Msemaji wa tatu alikuwa Vangel, aliyewahi kujenga reli Amerika miaka sita, katika mji ambao kila alipoutaja ulikuwa na jina jipya. Amerika, kama walivyomwita, aliwasikiliza wenzake kwa huruma, kisha akawaeleza jinsi mambo ya Geneva yanavyokwenda. Kuna ukumbi, akasema, mkubwa kuliko ghala la tumbaku la mji wa Petrich. Ndani wamekaa mataifa hamsini. Hawawezi kuanza bila mshitakiwa, kwa hiyo mbwa atawekwa juu ya meza, na kila taifa litamuuliza swali moja kwa lugha yake.

— Atajibuje? — Jenerali akauliza.

— Hajibu. Wanamtazama mkia. Swali litakalomfanya aushushe, hilo ndilo kosa lake. Halafu anahamishiwa kisiwani, na kila taifa linachanga mfupa.

Gazeti akasema hiyo ni haki kabisa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wenyewe ndio hao mabwana watano wako njiani, wanakuja kumfunza mbwa.

Lazo aliinua kikombe anywe. Akilini alimwona Murdzho juu ya meza, katikati ya mataifa hamsini, akimtafuta yeye kwa macho. Akaweka kikombe chini kikagonga kisahani, na hilo likawa kosa, maana wote watatu wakageuka.

Hapo Jenerali akaleta hoja ya heshima ya kijiji. Watu wazima wametoka Geneva, wamepanda garimoshi na magari, kisha waambiwe hapa hakuna mbwa? Mgeni njoo, mwenyeji apone; basi lazima apatikane mbwa wa kuwapa. Wakaanza kuwapima mbwa wa kijiji. Wa padri alikuwa kipofu, asingeuona mpaka, seuze kuuvuka. Wa mwenyekiti alikuwa mnene, askari angemkamata kabla hajafika mbali. Wa Jenerali alikuwa wa mkewe, na habari hiyo ikaishia hapo.

— Kuna wa Kimya, — Amerika akasema taratibu. — Yule ana sura ya mshitakiwa. Tena sikio limechanika.

Lazo alisimama. Waliomjua miaka arobaini hawakuwahi kumwona akisimama kabla kahawa haijaisha. Akaitoa kofia ndani ya koti, akaiweka mezani kati ya vikombe.

— Msitafute mwingine, — akasema. — Ni Murdzho wangu. Siku ile alikata kamba, akarudi na hii. Mimi ndiye niliyemfunga vibaya. Wakitaka mtu wa kumpeleka Geneva, wanichukue mimi. Yeye hajui kitu, ni mbwa tu.

Gazeti alikuwa ameeleza vita vile kwa namna kumi na moja, na sasa vilikuwa vimelala mbele yake vikiwa na vifungo vya shaba, akaogopa hata kuvigusa.

Hapo ndipo alipotokea kijana mmoja mrefu, matope mpaka magotini, mkoba begani na daftari kwapani. Aliwaamkia kwa adabu. Kibulgaria chake kilikwenda hatua kwa hatua kama mtu anayepita juu ya barafu. Alijieleza kuwa ni karani wa mabwana wa Geneva. Gari lao limenasa kwenye matope kule bondeni, nao wamemtanguliza aombe ng'ombe wa kulivuta. Mitra akamtuma shemeji yake na jozi ya ng'ombe, akamkalisha mgeni, akamletea kahawa. Alipoinama kuiweka mezani akaiona kofia.

— Hii imefikaje hapa? — akasema. — Ni ya binamu yangu Zahari, mpiga tarumbeta wa Lozyansko.

Akaigeuza. Kwenye kila kifungo palichorwa tarumbeta ndogo. Siku ile ya risasi, akawaeleza, kijijini Lozyansko ilikuwa siku ya pili ya harusi ya mwana wa mwokaji. Mbwa mweusi aliingia jikoni, akapigana na mbwa wa bwana harusi kwa ajili ya utumbo wa kondoo, akashindwa, akaona asiondoke mikono mitupu. Zahari alipiga tarumbeta kichwa wazi mpaka jioni, akapata mafua.

Lozyansko iko upande wa kaskazini. Mpaka uko kusini.

Lazo alikaa. Alicheka bila sauti, mabega yakimtikisika, machozi yakishuka ndani ya masharubu, na wenzake wakamwacha acheke. Jenerali alijaribu kusema kwamba mpelelezi hodari hupitia harusini kwanza, lakini hakupata wa kumuunga mkono.

Mgeni alisubiri watulie. Kisha akafungua daftari, akaomba radhi kwamba kabla mabwana hawajafika angependa kujaza mistari michache iliyobaki wazi.

— Askari yule aliyepigwa risasi kwanza, — akasema, kalamu tayari. — Aliitwa nani?

Gazeti akatazama nusu yake ya gazeti, mbele na nyuma. Jenerali akatazama mlima. Amerika akafungua mdomo kwa mazoea, akaufunga. Mwezi mzima walikuwa wamejadili rangi ya mbwa, mkia wake, elimu yake na chakula chake cha kisiwani.

— Alikuwa Mgiriki, — Gazeti akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

— Ndiyo. Jina lake?

Mitra alisimama na birika mkononi. Kijana hakuwalaumu, akaruka mstari ule, akasema mabwana wataulizia ng'ambo, huko lazima wanamjua. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kushuka bondeni. Akanywa kahawa yake, akashukuru, akajifunga mkoba.

Lazo alimsindikiza mpaka kwenye njia panda, kofia yake mwenyewe ameishika mkononi.

— Bwana, — akamwambia, — mkilipata hilo jina, pita hapa utuambie.