Mwache Mteja Auchomoe Uzi

Sogezeni viti karibu, wanangu, na huo mlango urudishieni kidogo, kelele za barabarani zinaninyang'anya sauti na sauti yenyewe iliyobaki ni ya kubana matumizi. Kaka mkubwa, kaa hapo miguuni nikuone. Wewe kitinda mimba, kama simu yako inarekodi iweke hapa juu ya mto, usinisogezee mdomoni kama mtangazaji wa mpira. Na wewe binti yangu wa kati, acha kukunja nguo, kaa chini. Maneno haya ni ya wote, lakini mengi ni yako, na kesho asubuhi unaitwa kwa meneja wa hoteli, kwa hiyo siwezi kuyalaza.

Nianze na vitu, maana vitu havina ugumu. Nyumba ni yenu watatu, na siku mkitaka kuiuza iuzeni mnacheka, msiiuze mmenuniana. Pasi na meza ndefu ni vya kaka mkubwa, wateja wa pasi wamemzoea. Cherehani ni ya kitinda mimba, na usiniambie hujui kushona, hata mimi nilikuwa sijui kusoma. Kiti cha dirishani, kopo la sindano na ile miwani yangu ya kukuza ni vya binti. Lile koti la kijivu nyuma ya mlango si letu, ni la mwalimu wangu wa darasa la watu wazima. Kiwiko cha kushoto nimekimaliza, cha kulia mkono umekataa. Limalizeni mkampelekee, mwambieni mwanafunzi wake kichupa cha dawa alikisoma mwenyewe mpaka mwisho, na yale maandishi madogo ya chini pia.

Hapo kwenye kusoma nina neno. Nilianza na mvi kichwani, mnajua, mlinicheka mkinificha. Siku herufi zilipokubali kunitii nilirudi nyumbani nikisoma kila kitu njiani, bati la duka, gari la maziwa, tangazo lililochanika nusu, sikuacha hata moja, watu walidhani naongea peke yangu. Nikafika mlangoni petu, nikainua macho, nikasoma kibao chetu. TUNAPIGA PASI. Nikarudia kwa kidole, labda nimeruka kitu. Sikuruka. Tunapiga pasi, basi, hakuna la zaidi. Nikakaa kwenye ngazi nikacheka mpaka jirani akatoka kuuliza kama kuna msiba. Miaka yote hiyo nimekaa chini ya kibao kile nikifuma matundu ya makoti ya watu kwa nyuzi za makoti hayohayo, huku nikilalamika moyoni kwamba mji huu haujui kuthamini fundi, kumbe mji ulikuwa umeambiwa tunapiga pasi ukaleta suruali zilizojikunja. Baba yenu, Mungu amrehemu, alimwambia mchoraji kazi aliyoifanya yeye. Hakuwa na ubaya. Na mimi sikumwambia aongeze yangu.

Sasa Bwana Tambo, fundi wa ng'ambo ya barabara. Mmekua mkijua sisemi naye na hamjui kwa nini. Alikuwa akiniletea makoti yaliyotobolewa na nondo kwa mlango wa nyuma, nayaziba mimi mpaka macho yananiuma, halafu yeye analishika lile koti mbele ya mteja, analiinua kwenye mwanga, anamwambia: "Tafuta tundu, mkubwa. Ukiliona, koti na mimi mwenyewe tuchukue." Mteja anatafuta, anachoka, anampa mkono. Nilikuwa naviona vyote kutoka dirishani hapa na roho inaniuma. Lakini nimelala kitandani siku hizi nikamfikiria vizuri. Yule bwana kazi yenyewe aliieleza sawasawa, alichomeza ni jina la aliyeifanya tu. Mimi sikudharauliwa na mtu. Hawakuambiwa. Akija siku ya maziko mpeni kiti kizuri, na asitokee wa kumbetulia midomo.

Na yule wakili je, mwenye suti ya bluu? Sigara ilimtoboa begani, nikachomoa nyuzi kwenye upindo wa ndani nikazifuma moja moja mpaka bega likasahau. Alipokuja akaligeuza, akaligeuza tena, akaniambia: "Mama, hapa hujafanya kitu. Umepiga pasi." Ningemwonyesha nini? Tundu halipo. Kazi yetu sisi ikiwa mbaya kila mtu anaiona, ikiwa nzuri haionwi na yeyote, hata uliyemfanyia. Akaondoka na suti yake mpya na hasira zake.

Toka siku hiyo ndipo nikaanza uzi mwekundu. Nikishaziba, nazungushia uzi mwekundu mahali pale, mishono mikubwa ya ovyo, kama mtoto kachora duara. Mteja akija simwambii mengi. Namwambia palikuwa na tundu ndani ya huo wekundu, nimeliziba mimi, uchomoe. Anauchomoa kwa mkono wake mwenyewe, anabaki ameduwaa. Na kibao nikakiandika upya kwa mkono wangu, mnakiona mpaka leo kimepinda upande, na wateja wakaanza kuuliza mama wa matundu yuko wapi.

Ila nisikilizeni hapa. Uzi mwekundu hauwekwi pasipokuwa na tundu. Siku utakapozungushia mahali pazima ili usifiwe, umeshakuwa mwongo kama waongo wengine. Sema ulichofanya, kilikuwaje kabla, kikawaje baada, kisha unyamaze umwache mtu aangalie. Hiyo si kujisifu. Kujisifu ni kusema wewe ni nani, mimi nasema useme umefanya nini.

Binti yangu, sasa nakuja kwako, usiinamishe uso. Pale hotelini msimamizi wa chumba cha ushonaji anastaafu, na kesho meneja anakuita kwa nafasi hiyo. Nguo za wafanyakazi wote unazitengeneza wewe, mapazia ya ukumbini yalipoungua uliyafuma wewe mpaka wageni wakapiga picha mbele yake. Na kila nguo, kabla hujaipeleka juu, unauchomoa uzi mwekundu, eti unachafua kazi. Jana nimekuuliza kesho utasema nini, ukaniambia: "Mama, wataona wenyewe." Wataonaje, mwanangu? Wataona pazia zima, na wao wanadhani pazia siku zote lilikuwa zima. Watamleta mtu wa nje anayejua kujieleza, na wewe utarudi kukunja mashuka kule chini kwenye joto, na kosa halitakuwa la meneja.

Na wewe kaka mkubwa, nimesikia unataka kwenda kumsemea. Una mdomo mzuri, nakujua. Msindikize mpaka getini, urudi. Ukimsemea kesho, utamsemea mpaka uzeeni, na hapo utakuwa Bwana Tambo wa ndani ya nyumba.

Kesho uchukue lile koti la mlinda mlango uliloziba mgongo. Nimemwomba kitinda mimba alirudishie uzi mwekundu, mishono yake mibaya kweli, lakini ndiyo inayotakiwa. Umpe meneja mkononi. Umwache auchomoe.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Hili blanketi nililojifunika lilikuwa na tundu, wiki iliyopita nilikuwa naingiza kidole gumba. Uliliziba wewe, binti, nikiwa nimelala. Tangu asubuhi nalitafuta kwa vidole, macho ya kazi yameshaaga, nalipapasa silipati. Nani angejua ulikuwa hapa? Lete uzi. Mwekundu. Kaa nami kitandani, uzungushie pale. Polepole, sina haraka, ingawa waliotangulia huko wananiita.

Umemaliza? Weka mkono wangu hapo. Ehe, nimeupata. Sasa niambie. Mimi ndiye mteja leo, na mteja huyu ana kiburi.

Sikusikii.

Bado unaongea na kifua chako. Tena.

"Hapa palikuwa na tundu, mama. Nimeliziba mimi."

Naam. Hata simu imesikia. Hivyo hivyo kesho, usiongeze, usipunguze.

Wanangu, Mungu awape kazi, na awape mdomo wa kuisema, na awape masikio ya kusikia ya wenzenu. Msigombane kwa vitu. Koti la mwalimu msilisahau, kiwiko cha kulia. Radhi zangu mnazo wote watatu, sijambakishia mtu.

Sasa niacheni nipumzike na hili blanketi. Huo uzi, binti, usiuguse. Ondoa mkono.

Nitauchomoa mwenyewe.