Kijiko Kikiwa Bado Mkononi: Maisha ya Mwalimu Demetria Nandonde

Marehemu Demetria Venance Nandonde, Mama Lulu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Lukuledi, Masasi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Venance. Alisoma huko huko hadi kidato cha nne, akahitimu uuguzi mwaka 1983, kisha akajiendeleza Dodoma katika uuguzi wa afya ya akili. Ndugu walimwonea huruma kwa kuchagua wodi hiyo. Yeye aliipenda, na hakumwomba mtu radhi.

Mwaka 1986 alifunga ndoa Chang'ombe na Bwana Albano, mfanyakazi wa bandarini, wakajaliwa binti mmoja, Lulu. Mwaka 2004 walihamia Bunju.

Kuanzia 1996 hadi alipostaafu 2021 alifundisha chuo cha uuguzi Temeke. Mwanafunzi akilalamika kwamba mgonjwa ni mkaidi, alimjibu, "Hatua uliyompa ni kubwa. Ikate." Mgonjwa aliyeacha kula mwenyewe alianza kwa kugusa kijiko tu, na kwa hilo akasifiwa. Mwanafunzi mmoja, Raudha, alisubiri mgonjwa amalize kula ndipo akamsifu.

"Umechelewa," Mwalimu alimwambia. "Msifu kijiko kikiwa bado mkononi, ajue anasifiwa kwa lipi."

Somo hilo lilimshinda Bwana Albano. Alikuwa akifagia sahani nzima ya samaki wa nazi aliopikiwa na mkewe, ananawa, anakaa kimya. "Baba Lulu, mie siyo mpiga ramli nikajua kimya chako kina nini," marehemu alimtania miaka nenda rudi.

Juni 2023 alipata kiharusi kilichomwondolea kauli na nguvu za mkono wa kulia. Hofu yetu kubwa ilikuwa kwamba angelishwa maisha yake yote, jambo ambalo yeye asingelivumilia. Raudha, sasa muuguzi, alikuja kila Jumamosi kumfundisha upya, hatua kwa hatua, kwa miezi minne. Siku marehemu alipofikisha kijiko mdomoni mwenyewe, wote tulikodoa macho tu. Alipokwisha kukiweka chini ndipo Bwana Albano akasema, "Vizuri, Mama Lulu."

Marehemu akamtazama, akatoa neno lake la kwanza tangu augue: "Umechelewa."

Tulicheka huku tunalia. Tangu siku hiyo Bwana Albano hakuchelewa tena.

Mwalimu alifariki nyumbani Bunju tarehe 9 Februari 2025, saa tatu asubuhi, kwa kiharusi cha pili. Alikuwa amekunywa uji kwa mkono wake, na alikuwa ameshasifiwa.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, na wauguzi aliowafundisha, waliojaa hapa leo. Mwalimu, haya mengine sisi tumechelewa kuyasema. Umefanya vizuri. Pumzika kwa amani.