Bi Shusha, Mwimbishaji Aliyeiweka Kwaya Nyuma ya Watu

Haya yanasomwa kabla ya ibada, siyo ndani yake. Marehemu aliagiza hivyo kwa kinywa chake, akiwa na akili zake zote na hasira zake zote: "Nisomeni mapema, mnimalize. Ibada ikianza sitaki kutajwatajwa." Kwa hiyo ambao bado mnatafuta viti, kaeni popote. Na wanaotaka kupiga picha, pigeni sasa mtosheke.

Marehemu, shangazi yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Shusha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na matangi ya maji. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi breki na mkunga. Treni zilipita hatua chache tu kutoka dirishani, hivyo nyumba nzima ilizoea kuongea kwa kupiga kelele. Yeye peke yake alinyamaza mpaka treni ipite. Mama yake alishaanza kuhofia kwamba mtoto ni bubu, hadi siku ile mezani aliposema, "Baba, treni imepita zamani. Unampigia nani kelele?"

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1964 hadi 1970, kisha akajiunga na sekondari ya bweni ya wasichana, alikomaliza mwaka 1974. Huko ndiko alikojifunza kusoma nota. Katika ibada ya mahafali aliimba peke yake, watu wakapiga makofi, wazazi wake wakasimama kwa furaha. Mwalimu wake wa muziki, mama mkavu kama chaki, akamwita pembeni.

"Ulikuwa unamwimbia nani?"

"Mungu, mwalimu."

"Mbona macho yalikuwa kwa mama yako?"

Marehemu alisimulia kisa hicho mpaka uzeeni, na kila aliposimulia uso ulimwiva upya kwa aibu.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa opereta wa simu katika ofisi kuu ya reli. Alikaa miaka mingi kwenye kile chumba kisicho na dirisha, amezungukwa na nyaya, kwenye kiti kilichopoteza mgongo wake kabla yeye hajaajiriwa, akiunganisha mabosi na wake zao, na mara nyingine mabosi na wasiokuwa wake zao. Hakutoa siri hata moja, kwa masikitiko makubwa ya ukoo huu. Alistaafu mwaka 2005. Alisema kazi ya opereta ina sheria moja: "Ukishawaunganisha watu, toka kwenye laini. Ukibaki humo, wewe ni mbea."

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1981 na seremala aliyekuwa akiimba besi kwa nguvu za msumeno. Fundi alipopeleka maombi yake, jibu lilikuwa, "Punguza sauti kwanza, nitafikiria." Alipunguza. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1988 alikabidhiwa kwaya ya kanisa, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuiondoa mbele. Mumewe akatengeneza mabenchi, yakapangwa nyuma kabisa, nyuma ya waumini wote. Mzee mmoja wa kanisa alilalamika, "Sasa tutawaonaje?" Marehemu akamjibu, "Mna masikio, mzee." Jumapili za mwanzo watu walikuwa wakipinda shingo kutafuta nani kaimba vizuri. Walipochoka kutafuta wakatazama mbele, kwenye msalaba, na nyimbo zikawafikia kutoka mgongoni bila sura ya mtu. Jina la Bi Shusha lilitoka kwenye mazoezi. Kila msichana mwenye sauti nzuri alipoanza kuirembesha na kuizungusha kona, alisikia, "Shusha, binti. Hawakuja kukusikia wewe."

Hali ilikuwa hivyo mpaka mwaka 2015, alipokuja mchungaji mpya, ambaye baada ya miezi michache hakutaka tena kuitwa mchungaji. Akawa Baba Kiongozi.

Wasifu hupaswa kuwa na lugha laini, na tumejitahidi hadi hapa. Lakini yaliyofuata yanatia kinyaa, na kuyapaka manukato ni kumkosea marehemu. Msalaba uliondolewa ukutani ili kupisha skrini, ukawekwa stoo pamoja na ndoo na mafagio. Kwenye skrini tukaonyeshwa Baba Kiongozi akihubiri, huku Baba Kiongozi mwenyewe amesimama palepale chini yake, kama vile mmoja hatoshi. Likaja jukwaa. Ukaja mtambo wa moshi, bibi wa watu akakimbilia mlangoni akidhani kanisa linaungua. Zikaja chupa za maji zenye sura ya Baba Kiongozi. Ibada ikawa inaanza kwa kuwatambua wageni, inaendelea kwa kuwashukuru wageni, na inaisha wageni wakimshukuru Baba Kiongozi kwa kuwatambua. Mungu alipewa nafasi ya kufungua na kufunga, kama mlinzi wa geti.

Kwaya nayo ilipandishwa jukwaani, chini ya taa nyekundu. Marehemu alipanda nayo kwa shingo upande. Alisema atavumilia taa, mradi nyimbo zibaki za Mungu.

Jumapili ya tarehe 21 Oktoba 2018 ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Baba Kiongozi. Katikati ya ibada kwaya ilipewa wimbo wa sifa, ule ule wa siku zote, ila maneno yamebadilishwa. Palipokuwa na Bwana pamewekwa Baba Kiongozi. Mwanzo hadi mwisho. Yeye ndiye mwamba, yeye ndiye nuru, kwake magoti yapigwe. Kuna watu walikaa wakaandika kitu hicho, wakakisoma tena, wakaona kiko sawa!

Mpiga kinanda akaanza. Marehemu akashusha mikono yake, na kwaya nzima ikabaki kimya. Kinanda kikazunguka, kikarudi, kikazunguka tena. Baba Kiongozi, aliyekaa kwenye kiti chenye mikono ya dhahabu bandia, akachukua maiki na kucheka.

"Mama, kuna tatizo la mitambo?"

Marehemu hakuwa na maiki, lakini hata waliokuwa nje walimsikia. "Mitambo ni mizima. Wimbo huu una mwenyewe, na siyo wewe."

Siku chache baadaye wazee wawili walikuja nyumbani kumwambia kanisa limeona apumzike.

"Kwani nimesema nimechoka?" akawauliza.

Akawapa maji ya kunywa, kwa glasi.

Aliendelea kwenda kanisani kila Jumapili, akikaa kwenye benchi la nyuma kabisa. Watoto wake walimsihi ahamie kwingine. Hata mumewe alimsihi. Akamjibu, "Fundi, sikwenda pale kwa ajili yake. Sasa nitaondokaje kwa ajili yake?"

Mwanzoni mwa mwaka 2023 miguu ilianza kumvimba na pumzi kuwa fupi, na madaktari wakasema moyo wake umepanuka. Alitibiwa akitoka na kurudi. Novemba iliyopita alilazwa katika wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na huko Baba Kiongozi alikuja kumtembelea akiwa na mpigapicha, na kikapu cha matunda kilichofungwa utepe wenye jina la mtoaji.

"Mama, tabasamu kidogo," mpigapicha akasema.

"Aombe kwanza," marehemu akajibu.

Baba Kiongozi akamwekea mkono kichwani, akafumba macho, akaanza. Katikati ya jina la Yesu alibadilisha mkono, akazunguka upande wa pili wa kitanda, kwa sababu mwanga wa dirisha ulikuwa unamharibia picha. Binti wa marehemu alikuwepo, ameyaona kwa macho yake. Marehemu akafumbua macho. "Umemaliza na kamera? Haya, sasa niombee." Mgeni alikuwa ameshatazama saa. Kikapu cha matunda, kwa taarifa yenu, kilipigwa picha na kuondoka naye kwenda wodi ya pili. Aliyemwombea shangazi siku ile ni mgonjwa wa kitanda cha jirani, bibi asiye na jino hata moja, kwa sentensi mbili. Marehemu akaitikia amina, akalala vizuri.

Alirudi nyumbani, na Jumanne tarehe 4 Februari 2025, asubuhi, akafariki, mumewe akiwa amemshika mkono.

Kesho yake katibu wa kanisa alifika na utaratibu wa mazishi. Alimkuta Fundi kwenye karakana yake, akipiga randa mbao za jeneza. Picha ya Baba Kiongozi ingekaa jalada la mbele la programu, marehemu ukurasa wa mwisho. Kwaya ingevaa fulana zenye sura zao wawili. Na ule wimbo wa mwaka 2018, wenye maneno yale yale, ungeimbwa mbele ya jeneza, "kama ishara ya upatanisho, mzee."

Fundi akaweka randa chini. "Na Mungu mmempangia dakika ngapi?"

"Ah, mzee nawe!"

"Nauliza. Wageni nusu saa. Kiongozi saa nzima. Mungu?"

Katibu akapekua karatasi yake. "Kuna sala ya kufungua."

"Basi tutaabudu hapa uani, halafu tutampeleka makaburini."

"Sawa. Lakini atakayekuja kuimba hapa, jukwaani kwetu asirudi."

Hivyo ndivyo tulivyofika uani, chini ya maturubai ya kuazima, na mwinjilisti mstaafu ambaye ameombwa mambo mawili tu: asome Neno, na asimsifu mtu. Tangu Jumatano familia hii haikujua kama kutakuwa na mtu wa kuimba. Kuna watoto wa watu ambao nafasi ile ya kwaya ndiyo heshima pekee waliyo nayo mtaani, na hatukumwita hata mmoja, ili asije kwa kutuonea haya. Leo asubuhi walianza kuingia kwa geti dogo, mmoja mmoja, kwa nguo zao za kawaida. Ni zaidi ya nusu ya kwaya. Mpiga kinanda naye yumo, mikono mitupu, kwa sababu kinanda ni cha kanisa. Hawakuuliza wasimame wapi.

Marehemu ameacha mume; watoto watatu, ambao ni muuguzi, fundi umeme na mwalimu wa hesabu; wajukuu watano; dada mmoja na kaka mmoja; mawifi, mashemeji, na wapwa wengi kuliko alivyohitaji. Familia inawashukuru wote mliomuuguza. Wageni wa heshima hawatatambulishwa. Mungu anawajua.

Mwenyezi Mungu ampumzishe salama. Ya marehemu yameishia hapa, na programu hii haina kazi tena, ikunjeni mweke mfukoni. Simameni. Ibada inaanza.