Dirisha Lisilofunguka Hewani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ndugu wakuu wa idara, shemeji yetu mke wa fundi pamoja na watoto, wageni waalikwa, na ninyi wafanyakazi wenzangu mlioanza kutafuna karanga kabla ya hotuba: hamjambo!

Tumekutana kumuaga fundi wetu wa kompyuta, ambaye jina lake wengi mmeshalisahau, maana hapa redioni tunamwita Kasuku. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Mimi mkuu wa kituo nashuhudia kwamba debe hili limejaa, na linavuma vilevile! Sasa mtu anayesikika tangu getini, ilikuwaje akatufundisha thamani ya kimya?

Mnaikumbuka siku ile. Mtangazaji wetu mkongwe, huyo anayejificha nyuma ya spika, alikuwa hewani akisoma matangazo ya vifo. Na mtangazaji husoma kinachotokea mbele yake. Kompyuta ikafungua dirisha katikati ya tangazo, naye, kwa sauti ileile nzito ya msiba, akasoma: "Marehemu ameacha mjane na watoto wanne. Toleo hili limepitwa na wakati. Je, ungependa kuliondoa sasa, au ukumbushwe kesho?"

Msicheke sana. Wafiwa walikuja hapa, na haki yao walikuwa nayo. Tuliwaomba radhi, lakini Bodi ikasema mzee afungashe virago. Kosa lilikuwa la nani hasa? Ile programu ya chini, inayozibeba programu nyingine zote, ilikuwa imechakaa, na ilidai kubadilishwa popote, wakati wowote. Tusipoibadilisha, matangazo hayaruki. Tukiibadilisha, madirisha yanatuumbua hewani.

Hapo Kasuku akasimama mbele ya Bodi. "Mzee asiondoke. Nipeni mpaka taarifa ya habari ya jioni. Likijitokeza dirisha hata moja, tufukuzeni wote wawili."

Mwenyekiti, ulimuuliza: "Utaweza wewe? Mashine za studio, za wahariri na za mtambo, kila moja ina mfumo wake!"

"Na kila moja nitaisemesha kwa lugha yake," akajibu.

Aliandika amri ambayo ikifika kwenye kompyuta huangalia kwanza ni mfumo gani, huchukua kifurushi cha toleo jipya kinachoufaa, na kila swali hulijibu kabla halijatokea. Hakuna dirisha, hakuna mlio, mashine haizimiki. Jioni mzee akasoma habari, nasi tumekodoa macho kwenye skrini. Habari zikaisha salama. Tulipouliza kazi yenyewe itaanza lini, Kasuku akaangua kicheko: "Imeshakwisha, mlikuwa mnakunywa chai!" Kweli kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mzee yuko hewani mpaka leo. Fundi, uliweka kazi yako rehani kwa ajili ya mwenzako, na sisi tunakupenda kwa hilo.

Sasa geuka. Kwa ruhusa yangu, mafundi wenzako wamevunja mwiko wako: kwenye kila skrini ya jengo hili, mifumo yote mitatu, dirisha limefunguka. Mzee, toka nyuma ya spika, usome kilicho mbele yako!

"Kasuku anastaafu leo. Je, mnakubali?"

Umewasikia, fundi? Ukumbi mzima "Hapana", hata Mwenyekiti! Ni sauti moja tu iliyosema "Ndiyo", nayo ni ya shemeji.

Basi, shemeji, mchukue. Sisi tutajitahidi kuuzoea ukimya.

Kwa kunitegea sikio, asanteni sana.