Mizani ya Mama Maswali

Ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mama yetu, familia imenituma mimi, mkamwana wake, mke wa mwanawe wa kwanza, niwasomee safari ya maisha yake, na mawifi zangu wameniambia hapo nyuma, "Wifi, soma kilichoandikwa, usitie chumvi kwenye kidonda," nami nitasoma kilichoandikwa, isipokuwa pale karatasi ilipokosea hesabu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, sekondari hadi 1970, kisha chuo cha uuguzi, ambako alihitimu tarehe 30 Novemba 1973 akiwa wa kwanza darasani katika ukunga.

Aliajiriwa Januari 1974 katika wodi ya wazazi, akaitumikia miaka thelathini na saba, mpaka alipostaafu Machi 2011. Aliikuta wodi ambayo akina mama walikamua dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, wakayamwaga kwenye beseni kwa kudhani ni uchafu, na watoto wakapewa maji ya sukari, wakaharisha, wakafa. Yeye aliyaondoa mabeseni, akapiga marufuku vikombe vya maji ya sukari, na wapo watu wazima waliokaa hapa leo ambao wanapumua kwa sababu yake. Utaratibu wake ulikuwa mmoja, kwamba hakuna mzazi aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya kujibu maswali kumi ya kunyonyesha, amesimama kando ya kitanda, wenzake wakisikiliza, na aliyekosea aliambiwa, "Mbuzi hajaingia darasani na ananyonyesha, wewe una cheti ukutani," wodi ikacheka, naye akabaki siku nyingine. Ndipo akaitwa Mama Maswali, jina alilolipenda.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975 na dereva wa gari la wagonjwa, aliyetangulia mwaka 2001, wakajaliwa watoto watatu, ambao wote aliwanyonyesha mwaka mmoja na nusu bila kukosa zamu, sare ikimlowa kifuani.

Karatasi inasema alipata wajukuu sita. Walikuwa saba.

Wa kwanza nilimzaa mimi, Jumatatu tarehe 7 Agosti 2006, saa kumi jioni, katika wodi hiyohiyo, akiwa na kilo mbili na gramu mia tisa. Kesho yake nilisimama kando ya kitanda namba nne, nikajibu maswali yote kumi, la tisa likiwa mtoto anayeshiba hukojoa mara ngapi kwa siku, nikasema sita au zaidi, nikapigiwa makofi, mama mkwe akawaambia wauguzi wenzake, "Huyu ndiye mkwe, si wale wenu," tukaruhusiwa. Mizani ilikuwa hatua sita kutoka kitandani. Hakuna aliyempima mtoto, wala aliyenishika titi kuona kama lina kitu.

Alhamisi nepi iliyolowa ilikuwa moja. Nilimwambia mama mkwe aliporudi kutoka kazini, akanijibu, "Unanifundisha kazi? Mtoto anayelala hivyo ameshiba." Ijumaa jirani wa mlango wa pili alileta kopo la maziwa, mama mkwe akalirusha nje dirishani, akisema nyumba ya Mama Maswali haiingii kopo, nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na kumi kati ya kumi. Jumamosi tarehe 12, saa tatu asubuhi, mtoto hakuamka. Katika daftari la wodi marehemu aliandika kwa mkono wake, "Mama ana uelewa kamili." Jumatatu aliuliza maswali kama kawaida.

Mtoto wangu wa pili alipozaliwa, mwaka 2009, nilinunua mizani, nikawa nampima kila asubuhi, marehemu akapita mlangoni akaniuliza kama nimefungua bucha. Mtoto huyo ana miaka kumi na mitatu, ndiye aliyebeba picha mbele yenu.

Tarehe 3 Februari 2020 marehemu alipatwa na kiharusi, akapoteza sauti na uwezo wa kumeza vizuri, akaletwa kwangu, kwa kuwa mawifi zangu walikuwa na kazi. Nilimlisha uji kwa kijiko, nikahesabu nepi zake, na kila Jumatatu nikampima na kuandika kwenye daftari, kuanzia kilo sabini na moja hadi thelathini na nane, na kila uzito uliposhuka ghafla nilimpeleka hospitali siku hiyohiyo, mara nne kwa jumla. Jumatatu moja alilitazama daftari lile kwa muda mrefu, akalia. Sikumuuliza kwa nini, maswali yalikuwa kazi yake. Alifariki Alhamisi tarehe 19 Mei 2022, saa nne na nusu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Familia inamshukuru daktari aliyekuja nyumbani kila alipoitwa, wauguzi, majirani waliotubebea maji na viti, wafanyakazi wenzake wa wodi ya wazazi, na jirani yule wa kopo, ambaye yuko hapa, na ambaye mwaka ule sikumshukuru.

Pumzika, mama mkwe, kwa amani, na huko uendako ukimkuta mjukuu wako wa kwanza, usimuulize kitu. Mpime.