Kisima Kimoja chenye Majina Matatu: Maisha ya Sadala Kondo Mwinyimvua

Ndugu waombolezaji, assalaam alaykum. Familia ya mzee Kondo Mwinyimvua inawaomba utulivu kidogo, isomwe historia ya mtoto wao Sadala kabla hatujampeleka karibu na babu yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1989 hapa Mahege, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kondo na Bi Biasha. Alianza shule mwaka 1997, na alikuwa darasa la pili wakati kisima cha kitongoji kilipokauka, Oktoba 1998, mama yake akaenda kuteka maji bwawani na kung'atwa mkono na mamba, jambo ambalo Sadala hakupenda kulizungumza, wala hakulisahau. Alisoma sekondari Kibiti kuanzia 2004 hadi 2007, akapata stashahada ya kompyuta Dar es Salaam mwaka 2011, akafanya kazi ya kuandika programu huko huko. Tarehe 20 Agosti 2016 alifunga ndoa na Nasma binti Saidy wa Nyamwage, wakajaliwa Hafsa na Mudy, na mwaka 2019 akarudi nao Kibiti.

Hapo ndipo alipoanza kazi ambayo wengi wetu tuliistaajabia bila kuielewa. Ofisi ya maji, zahanati na wafadhili walikuwa na taarifa za visima, kila mmoja kivyake, na zikijumlishwa zilionyesha kuwa kitongoji chetu kina visima vitatu, kwa hiyo kila mradi ulipokuja ulitupita. Sadala alitumia maktaba ya JavaScript, yaani fungu la kazi zilizokwisha kuandikwa ambalo mwandishi wa programu huliazima, kuziunganisha taarifa hizo, kila kisima akikipa anwani yake mtandaoni na kuiambia kompyuta kipi kimechimbwa na nani, kiko wapi, na kipi ni kilekile cha wenzake.

Mara ya kwanza alikosea. Aliamini majina, akaunganisha Kisima cha Mwinyimvua cha hapa na kingine cha jina hilo kilichoko Dimani, na shangazi yake Siti alipoonyeshwa ramani alimtazama sana, akasema, "Mwanangu, kisima chako kina miguu, kinalala Mahege kinaamkia Dimani." Sadala alicheka kuliko wote, kisha akaanza upya kwa miguu yake mwenyewe, akipima kila kisima pale kilipo na kuwauliza wanaoteka.

Tarehe 9 Novemba 2022, katika mkutano wa maji Kibiti, aliwasha kompyuta mbele ya watu. Ukutani kulikuwa na alama tatu: Kisima cha Mwinyimvua kama wazee na ofisi ya maji wanavyokiita, Kisima cha Shule kama zahanati ilivyokiandika, na Kisima cha Johari kama wafadhili walivyokiandika, kwa jina la mama aliyekaa jirani nacho. Zikasogeleana taratibu, zikawa moja. Shangazi Siti akasema, "Kumbe miaka yote tulikuwa tunahesabiwa utajiri tusiokuwa nao."

Mwaka uliofuata Sadala aliugua figo, akawa anasafishwa damu Dar es Salaam, na madaktari wakampimia maji ya kunywa, asizidishe. Kisima kirefu tulichopewa baada ya hesabu ile kusahihishwa kilipofunguliwa hapa, Julai 2024, alikuja, akanywa maji yale kwa kikombe kimoja kidogo cha kahawa, akakirudisha kwa mama yake. Hali ilibadilika baada ya Idi ya kuchinja, na alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wafanyakazi wenzake, majirani wa Kibiti na Nyamwage, na akina mama walioamka leo kuteka maji ya kumwosha. Yametoka kisima kile, Sadala, yamemwagika mengi, na hakuna aliyekupimia. Mola akupokee, upumzike kwa amani.