Lumbesa ni ya Nani?

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Baba Paroko na Baba Mchungaji, ambao leo mmekaa benchi moja na mmependeza. Ndugu Didas, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa nyanya. Wanunuzi wenzangu, mnaojua mlichonituma. Na ninyi mama zangu, baba zangu na ndugu zangu wa Ilula mliokaa juani kwa sababu hema tumelijaza sisi wakubwa: kamwene! Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Nimesalimia pande zote, asije mtu akasema Frida ana upendeleo.

Ndugu Didas aliponiomba niseme machache kwa niaba ya wanunuzi katika ufunguzi wa mizani hii ya kuuzia nyanya kwa kilo, alinisihi hivi: "Dada, sema maneno mazuri, tena mafupi." Mafupi nitajitahidi. Mazuri sijui, maana nimesimama hapa kichwa kimevurugika. Wenzangu jana walikubaliana niwaambie kwamba mizani tunaipokea kwa mikono miwili, ila tuanze kuitumia msimu ujao. Ninyi wakulima mnataka ianze leo, na nyanya zenu zimeiva, zimejaa humo bandani, haziwezi kusubiri kikao kingine. Tukiondoka na magari yetu kwenda kununua vijiji vya mbele, zinaoza. Mkiogopa zisioze, mtatupakilia kama zamani, na mizani hii tutakuwa tumeifungua ili kuku wapate pa kulala.

Mheshimiwa Diwani ametueleza kwa ufasaha kwamba ubepari unamkausha mwananchi wa kawaida, na kwamba lazima udhibitiwe. Nimepiga makofi. Halafu nikajiuliza, hivi anasemwa nani? Bepari niliyefundishwa shule ya msingi alikuwa mtu wa kuchorwa, ana tumbo kubwa na kofia ndefu, anavuta sigara. Nimejitazama: tumbo ninalo, kofia sina. Mimi nimezaliwa hapa, nimeuza nyanya kwenye madirisha ya mabasi hapa hapa barabarani, na bila biashara watoto wangu wasingesoma. Sasa biashara iliyonitoa mimi ndiyo hiyo hiyo inayombana mama yangu mdogo, Mama Marta, yule pale mwenye kitenge cha kijani. Inawezekanaje?

Naomba nieleze lililonichanganya. Lumbesa wote mnaijua: tenga limejaa, halafu tunaongeza nyanya juu ya mbao mpaka linafanya kichuguu, na bei ni ile ile ya tenga moja. Katazo la serikali lipo miaka nenda rudi. Lakini wazee mtakumbuka ilivyoanza. Mtu alinunua kwako, ukamwongezea kidogo kwa kupenda tu, kwa kuwa amekuja kwako na hakwenda kwa jirani. Ilikuwa nyongeza, ilikuwa utu wetu. Ni lini nyongeza ikaanza kudaiwa? Ni nani aliyetangulia kusema, "Bila hiyo sichukui"? Nimeuliza watu, hakuna anayemkumbuka.

Msimu uliopita nilitaka kutenda haki. Nikaenda shambani kwa mama mdogo, nikamwambia, "Leo mama, jaza tenga mwisho kwenye mbao, basi." Nilidhani atafurahi. Akaacha kazi, akanitazama. "Frida, nimekukosea nini? Mwanangu nimpimie kama mtu wa njiani?" Akakaa chini akalia kweli kweli, na mimi nikalia, na vibarua wakatushangaa. Mwisho tukapatana, matenga yakawa sawasawa, nikayapeleka Dar es Salaam kwa moyo mweupe. Dalali kule sokoni alipoyaona akaniuliza, "Mama, haya matenga umeyanyoa?" Wateja wake ni akina mama wanaopanga mafungu mitaani, na wale faida yao yote iko kwenye kichuguu kile. Ukikiondoa, watoto wao hawali. Mzigo wangu ukakaa pale mpaka ukaanza kulainika, nikauza kwa hasara.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, ndugu zangu, na hadi leo sijatoka. Nilimtafuta bepari katika safari yote ile, kutoka shambani hadi kwenye fungu la nyanya mtaani, nikamkosa. Mama wa mafungu anambana dalali kwa kuwa amebanwa. Dalali ananibana mimi kwa kuwa amebanwa. Na mimi nikibanwa mnajua ninakokwenda kubana. Je, tuseme basi hakuna mwenye kosa, twende zetu nyumbani? Hapana, nakataa! Sisi wote tuna mtu wa kumsukumia hasara. Mama Marta hana. Nyuma yake kuna udongo tu, na udongo haubembelezwi: unataka mbolea, unataka maji, unataka dawa, na vyote hivyo ananunua dukani bila nyongeza. Hilo linaniuma. Linaniuma zaidi kwa sababu ni mama yangu, na anayemuumiza ni mimi ninayekula naye sahani moja.

Dawa yake ni nini? Roho nzuri? Roho nzuri nilikuwa nayo msimu uliopita, mmesikia iliponifikisha. Mnunuzi mmoja akipima peke yake atafilisika, na nafasi yake itachukuliwa na asiyepima. Kwa hiyo, wenzangu mnisamehe, nitasema ambalo hamkunituma. Mheshimiwa Diwani, usituombe tuwe watu wema. Mtubane wote, siku moja, kwa mizani ya namna moja, hapa na vijiji vyote vya barabara hii, hadi huko tunakoshushia mzigo. Na yule mama wa mafungu, je, atapata wapi faida yake? Sijui. Nawaambia ukweli, hilo sijui, na atakayejua aje aniambie.

Nasikia manung'uniko huko nyuma. Jofrey, mbona umesimama? Naona umeshika na funguo za gari. Umesemaje? "Dada Frida umetuuza"? Nimekusikia, mdogo wangu, na watu wote wamekusikia. Unakwenda kununua kijiji cha mbele kwa lumbesa, na kesho sokoni mzigo wako utaondoka, wangu utabaki. Sikulaumu. Ningekuwa wewe, pengine saa hizi ningekuwa nimeshawasha gari.

Ndugu wakulima, msimzuie kwa fimbo wala kwa matusi, Jofrey ni mtoto wa watu. Ila huko anakokwenda mna ndugu na mashemeji, na simu mnazo. Waambieni wasimpakilie mpaka apime. Wakimpakilia, kesho na mimi nitakwenda huko huko, na lumbesa nitaichukua. Nina watoto, nina madereva, na mnanifahamu; kwa hilo msinitegemee hata kidogo.

Gari langu ndilo lile, bado ni tupu. Mama mdogo, tenga lako litangulie kwenye mizani. Mheshimiwa Diwani, mababa zetu wa kiroho, ndugu zangu nyote, nawashukuru sana kwa kunivumilia na kunisikia katika haya maneno yangu yaliyovurugika. Haya, pigeni simu, Jofrey hajafika mbali.